Kobe Asiye na Kasoro

"Fisi gani anakula majani?" daktari wa meno aliuliza, sindano mkononi. "Hebu niambie, kaka. Fisi!"

Kaka mwenyewe alikuwa amelala kwenye kiti, kinywa wazi, pamba shavuni. Aliingia shavu limevimba utadhani kaficha limau, akaonyesha gego kwa kidole, akajilaza. Tangu hapo kazi ya kuongea akamwachia daktari, na kazi hiyo, jamani, daktari hakuwahi kuikataa.

"Ukisikia maumivu, inua mkono," alimwambia, kisha akaendelea pale alipoachia.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Kuna katuni ya watoto, Mtaa wa Manyoya, ambayo daktari alianza kuitazama kwa kumfuatisha bintiye. Binti amekua, siku hizi anaionea haya. Mama ndiyo kwanza kanogewa. Yumo kwenye kundi la mashabiki, watu wazima na ndevu zao, wanaobuni wahusika wao wenyewe wa kuongeza kwenye mtaa ule. Wa kwake ni Bi Kobe, tabibu wa meno, mpole, mkono mwepesi, kipenzi cha wanyama wote. Kundi limeshamkataa mara mbili. Jioni hii ni kura ya mwisho: akipita, anachorwa kwenye kitabu cha mashabiki; akianguka, ndiyo basi tena. Na daktari alimpenda yule kobe kama mtoto wa tumbo lake. Wazo la kumpoteza lilimuuma kweli.

"Aliyenikalia kooni ni msimamizi wa kundi," alisema huku mashine ikinguruma. "Anajiita Mzee Kanuni. Haandiki huyo, yeye ni kutuma masauti marefu kama hotuba. Eti Bi Kobe hana kasoro. Eti mhusika asiye na kasoro ni sanamu. Eti kobe hana meno, atajuaje uchungu wa jino? Na yeye je, fisi wake anayepalilia bustani?"

Mgonjwa akainua mkono.

"Pole, kaka." Akamchoma sindano ya pili.

Muuguzi, aliyeshika mrija wa kunyonya mate, alicheka ndani ya barakoa. "Si huyo Bi Kobe ni wewe mwenyewe, daktari? Ndiyo maana humwoni kasoro."

"Nyamaza wewe. Fisi mwenyewe anaimba pia. Nyimbo gani sasa! Afadhali kelele za mashine hii."

Mkono ukapaa tena, safari hii pamoja na mguu.

"Daktari, anaumia."

"Gego sugu hili," alisema daktari, akaongeza ganzi. "Nikwambie kitu, kaka? Mtu anayebuni fisi mla majani, kwao hakuna anayemsikiliza. Ndiyo maana anatuhutubia sisi."

Mgonjwa akainua mikono yote miwili.

Lakini haki ya mtu mpe: jino lilizibwa likazibika. Mgonjwa alisimama, akamtazama daktari kwa muda, akamshika mkono, akajaribu kusema neno. Mdomo ukamgomea, mate yakamtoka.

"Usijisumbue, kaka. Kapumzike, ganzi itaisha yenyewe."

Jioni, wagonjwa walipokwisha, daktari alijilaza kwenye kiti kile kile na simu yake. Muuguzi naye akachungulia begani kwake, maana umbeya haukatazwi. Kura zikaingia moja moja. Zikafungana. Ikabaki ya msimamizi.

"Nimekwisha," alisema daktari. "Yule hanipi hata kwa dawa."

Kundi zima likasubiri ile sauti ya hotuba. Haikuja. Yakaja maandishi, jambo ambalo kwa Mzee Kanuni halijawahi kuonekana. Muuguzi akayasoma kwa sauti, kwa kuwa daktari alikuwa amefumba macho:

"Ndugu zangu, nisameheni leo naandika, nusu ya mdomo wangu haijaamka. Bi Kobe apite. Mkono wake ni mwepesi kweli, hilo nalishuhudia. Na kasoro yake hatimaye nimeijua: anakusengenya mbele ya uso wako, akishahakikisha huwezi kujibu."