Hodi ya Tatu

Tangu nyumba zilipoanza kuwatambua watu kwa nyayo zao, milango iliachwa; kuta zilifunguka zenyewe na kusema "karibu" bila mwenyeji hata kuinua kichwa. Mzee Vuai, mhunzi, akabaki kufua bawaba za kupamba kuta tu.

Bi Raya, jirani yake mjane, ndiye pekee aliyetaka za mlango.

"Usizitie mafuta, Mzee Vuai. Nataka zilie, nijue kuna mtu."

Vuai akavukuta moto mpaka chuma kikawa chekundu, akakifua, akazikunja ncha zake kama ua la mlangilangi. Kuzijaribu, akatundika mlango wa mbao kwenye uwazi wa karakana. Bi Raya akatoka nje, akaufunga.

"Hodi!"

Miaka mingapi Vuai hajabishiwa hodi!

"Hodi!"

Akasimama na nyundo yake mkononi, akingoja ukuta uitikie.

"Hodi," sauti sasa ilikuwa ndogo.

Ndipo alipokumbuka kwamba mlango ule haukuwa na ulimi wa kuitikia, na aliyengojwa ni yeye. Akaukimbilia. Lakini Bi Raya alilelewa kizamani: hodi ya tatu isipoitikiwa, mgeni hurudi alikotoka.

Bawaba zililia vile vile Bi Raya alivyotaka. Nje hapakuwa na mtu.