Malkia Aliyetolewa Kafara

Kazi yake ilikuwa kupima programu za sataranji. Alizipa michezo migumu ambamo mtu ametoa kete kubwa kafara ili ashinde baadaye, kisha akaangalia kama zinauona ushindi. Asubuhi hiyo alizipa mchezo wa mumewe.

Ulikuwa wa fainali. Mumewe alimtoa malkia kafara, akashindwa, na hakucheza tena. Lawama zote alimtupia mkewe: "Usingeingia ukumbini na huyo mtoto analia, leo ningekuwa bingwa."

Programu ilifikiri mpaka kompyuta ikapata moto chini ya kiganja chake. Jibu likatoka: kafara yenyewe ndiyo ilikuwa kosa. Mchezo ulikuwa umeshapotea kabla mke hajashika kitasa cha mlango wa ukumbi. Akajaribu programu nyingine, ikasema hilo hilo.

Akamwita mumewe. Mume akainama mbele ya skrini, mishipa ya shingo ikamtoka.

"Si wewe unayezifundisha hizi?"

"Mimi nazipima tu, baba watoto."

"Basi zinajipendekeza kwako." Akajinyoosha, akageukia mlango. "Na chai yangu imepoa."

Mkewe hakuinuka.