Sindano ya Mwalimu

Djamali, mfamasia mkuu wa hospitali moja ya Kasongo, aliinama juu ya mama aliyeletwa kwa pikipiki kutoka Wamaza, amekauka kwa kuhara.

"Hii ni potasiamu," aliwaambia wanafunzi wake, sindano mkononi. "Ninaisukuma yote mu mushipa, bila kuichanganya mu maji ya seramu. Iko mutu mwenye neno?"

Wakainamisha vichwa. Wote walijua kwamba ikiingia hivyo husimamisha moyo. Jana tu walijibu swali hilo kwenye mtihani.

Ncha ya sindano ikagusa ngozi. Wanafunzi wakazidi kutazama sakafu.

Hasira zikampanda Djamali. Akaibwaga sindano kwenye sahani ya chuma, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka.

"Ni maji tu. Nilingoja mutu anikamate mukono. Mungeniacha niue mama wa watu?"

"Tulikuwa tunakuheshimu, Mwalimu," mmoja akanong'ona.

"Heshima yenu muipeleke ku makaburi."

Akachukua chupa ya seramu, dripu ya kweli, akamgeukia mgonjwa.

Mkono haukuwepo. Mama alikuwa ameuficha chini ya kitenge na kuulalia, amemkazia macho Djamali.

"Na mimi," akasema, "uliniuliza?"