Makaburi Mawili ya Naetwe

Jumatatu ya tarehe nane Juni, wakubwa walipounganisha ramani za wilaya mbili, Mzee Kiondo akajikuta na makaburi mawili ya mke mmoja. Siku hizi matrekta hayana dereva. Hulima popote ramani isipokataza. Kaburi la mkewe, Naetwe, liko migombani, nyuma ya jiko. La pili, ramani ilidai, liko kwenye mahindi ya jirani.

Fundi wa ramani, Elineema, alikuja na kompyuta yake. "Mafaili mawili yalianza kupima kutoka sehemu tofauti, baba. Kitu kimoja kimetokea mara mbili. Nikifuta kimoja, yamekwisha."

"Basi futa la jirani. Mke wangu nimemzika hapa."

"Mfumo unabakiza la faili jipya. Na jipya ndilo la jirani."

"Kwani mfumo ulikuja msibani?" Mzee akacheka bila furaha. "Hao mabosi wako hata wali wa matanga hawakuula!"

Elineema akainamisha uso, akatuma pingamizi makao makuu. Likajibiwa: limepokelewa.

Tangu hapo Mzee hatulii. Anaacha ugali unaungua, anatoka kusikiliza kama trekta linakuja barabarani. Jirani, kwa heshima tu, ameacha kupalilia pale ramani ilipoonyesha, akapanda maua.

Leo asubuhi ngurumo imesikika ikipanda kilima. Mzee amekwenda kusimama kaburini, simu sikioni, akiwauliza makao makuu kwa mara nyingine: "Nikisimama hapa juu yake, hilo trekta lenu litaniona?"