Shikamoo Mbele ya Kamera

Mara tatu kamera iliyotazama kitanda cha hospitali ilikuwa imemdanganya Tunu. Wingu lilipopita dirishani, mishale ya kuonyesha kinachosogea ilirukaruka kwenye skrini, naye akapiga kelele kwamba baba yake, aliyelala bila fahamu, amesogea. Kumbe ni mwanga tu. Leo ameiandika programu ya kamera upya, ifuate mikunjo ya ngozi badala ya mwangaza.

"Sista, funga pazia," alimwambia muuguzi. "Haya, fungua!"

Jua likamwagika kitandani. Skrini ikabaki tupu.

"Imekufa hiyo," alisema Sista.

"Haijafa, imeacha kudanganyika!" Tunu alicheka. Akamwinamia mgonjwa kama kila asubuhi. "Baba, shikamoo."

Wingu likapita; skrini haikujali. Kisha, juu ya kidole gumba cha baba yake, ukachomoza mshale mmoja mwekundu, mdogo kama sisimizi.