Skrini ya Shemeji

Vidole vya shemeji yake viliruka juu ya kibodi bila kupumzika, na kipanya chake kilikuwa pembeni kimeshika vumbi. Fundi, kama walivyozoea kumwita pale ofisini, alimtazama kutoka meza ya pili, roho ikimuuma.

Binti huyo, mdogo wa mkewe, ni Fundi mwenyewe aliyemwingiza kazini. Alimwombea nafasi, akamketisha karibu, akamwelekeza kuandika programu za kompyuta. Sasa bosi akipita, meza ya kwanza kusimama ni ya shemeji. Na nyumbani mkewe hana wimbo mwingine: mdogo wangu hivi, mdogo wangu vile.

Akajiambia siri iko kwenye skrini. Yeye bado alikuwa akiandika msimbo, yale maagizo ya kompyuta, kwenye programu ya zamani, nyeusi tii, isiyo na cha kubofya; kila amri unaipiga kwa vidole. Wenzake wote walishahamia ile mpya, yenye rangi na madirisha ya kila namna. Skrini ya shemeji nayo iliwaka rangi kama duka la vitenge.

"Hivi shemeji, kuhama kunalipa kweli?" alimuuliza siku moja, akijifanya anatania.

"Uhame wewe? Ulivyo mwepesi hivyo!" Binti akacheka, akarudi kwenye kazi yake.

Fundi alikiona kicheko kile kuwa cha hila. Anataka nibaki nyuma, alijisemea. Kwa nini mtu akufichie kitu, kama si kwamba kinamfaa?

Ndipo bosi akatangaza kwamba timu inahitaji kiongozi. Mfumo wa mteja mmoja ulikuwa na hitilafu sugu. Fundi na shemeji yake wautafute ugonjwa wake, kila mtu kwa kompyuta yake, na atakayetangulia kuutibu ndiye kiongozi. Fundi alikuwa ameingoja nafasi hiyo miaka. Jioni hiyo aliifuta programu yake ya zamani, asije akashawishika kurudi nyuma, akaweka mpya.

Siku ya mashindano alikiona cha moto. Vidole vilikwenda kwa mazoea, programu ikamgomea. Akitafuta faili hili, linafunguka dirisha lile. Mkono mmoja uko kwenye kipanya, mwingine haujui uende wapi, na jasho linamchuruzika mgongoni. Kabla hajaufikia hata mstari wenye kosa, alisikia makofi. Bosi alikuwa akimpa shemeji mkono.

Fundi alisubiri watu watawanyike, akamwendea.

"Hongera, shemeji. Sasa usininyime tena. Nifundishe hiyo programu yako mpya, mwenzio imenitoa jasho."

Binti alimkodolea macho.

"Mpya ipi, shemeji? Ile ilinishinda siku ya kwanza tu. Hii ni ile ile yako, nimeibadilisha rangi basi. Nilikuwa nakutazama vidole kila siku, unavyokwenda mbio, nakuonea wivu mpaka usingizi sipati."