Boti Iliyokwama Nchi Kavu

Uvumi ulianzia soko la Kisegi: kuna watu Migori wanafungia vijana ndani ya nyumba, wawafanyie kazi ya kompyuta mpaka wasahau kwao. Truphena aliusikia akinunua omena, wale dagaa wa ziwani, na haukumtoka tena. Binti yake Lynnet alikuwa ameandikwa kazi ya kompyuta huko huko Migori.

Na kweli, kabla ya mwezi kuisha, Lynnet alifungiwa.

Kufuli nje. Dirisha limepigwa misumari. Simu imechukuliwa. Aliachiwa kompyuta ya kazi tu, na mtu amekaa mlangoni akisikiza. Akitaja kutoka, waya inang'olewa. Akiandika Kiswahili, Dholuo ama Kiingereza, mtu huyo anaingia kuisoma juu ya bega lake. Ni ile lugha ya kompyuta tu, C, ndiyo haikusomeka.

Siku moja alimpigia Bonface kwa hiyo kompyuta, mwenzake wa kazi aliye Homa Bay. Walikuwa wanatengeneza programu ya kuonyesha boti za wavuvi ziko wapi.

"Bona, nimekwama na aina ya data. Kwa database, mahali pa boti tunaita point. Kwa C naandika nini?"

"Si uangalie jedwali la aina?"

"Niangalizie wewe. Nikikosea aina, database yote inaanguka."

Bonface alitafuta. "Ni Point, na nyota mwisho. Ndani inabeba nambari mbili, x na y. Basi."

"Haya, jaribu na boti hii." Lynnet akasoma nambari mbili ndefu, polepole.

Bonface akaziandika, akacheka. "Wewe, hiyo boti iko nchi kavu!"

"Najua. Imekwama hapo. Haiwezi kutoka."

"Kompyuta yenu imelewa," sauti ya mlangoni ikasema. "Maliza, samaki inapoa."

Bonface hakucheka tena. "Sawa," alisema. "Nimeiweka kwa ramani."

Kesho yake Bonface alishuka garini, akaungana na Chifu Gordon wa eneo hilo, simu mkononi, wakifuata nukta ya ramani. Nukta ikawapitisha soko, ikawapitisha kinu cha unga, ikasimama juu ya paa moja la bati. Ndani, Lynnet alisikia viatu vyao akaanza kugonga mlango na ngumi mbili.

Chifu alitazama kufuli. Akanyoosha mkono kwa mtu wa mlangoni, akaomba ufunguo.

Mama mwenzangu, epuka haya:

Kubeba uvumi wa soko mpaka nyumbani.

Kwenda Migori kumtoa msichana mkubwa kwa kazi yake ukilia, mpaka akufuate nyumbani Kisegi kwa huruma.

Misumari kwa dirisha.

Kukaa mlangoni na sahani ya samaki ukidhani unalinda.

Na kuficha ufunguo ndani ya nguo, kama Truphena, mpaka chifu aupokee ukiwa bado na joto la kifua chako.